Uzoefu wa Friji Moja

Nyumbani kwetu fomu haijazwi na mtu mmoja. Baba alikuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini na moja, na tangu astaafu masjala imehamia sebuleni. Fomu yoyote ikija, hata ya kubadilisha mita ya maji, huandikwa kwanza kwa penseli, hujadiliwa, ndipo Baba apitishe wino.

Kwa hiyo chuo cha ufundi kiliponitaka nifanye jaribio la kuchagua kazi mtandaoni, niambatishe majibu kwenye maombi yangu kabla ya saa kumi jioni, nilijua nimekwisha. Mimi nilitaka friji. Kuzifungua, kuzitengeneza, kuzisikia zikinguruma tena. Baba alitaka nikae ofisini, nyuma ya meza yenye droo zinazofungwa kwa ufunguo.

"Hatubishani," alisema, akiwasha kompyuta. "Kompyuta haina upendeleo. Itakachosema ndicho tutakachofuata."

Nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani nitakaa mimi kwenye kiti.

Kiti alikalia yeye. Mama akaja na nguo za kukunja. Baba mdogo akaja na ushauri. Huyu Baba mdogo hajawahi kumaliza miezi mitatu kwenye kazi moja, ndiyo maana ana nafasi ya kuwaelekeza wengine.

Maswali yalikuwa sitini. Baba aliyanakili yote kwa penseli, kwa ule mwandiko wake uliolala upande mmoja, kisha akafungua kikao.

"Swali la kwanza. Unapenda kufanya kazi mahali patulivu?"

"Anapenda," alisema Mama. "Mtoto mtulivu huyu."

"Mimi sijali kelele, mradi—"

"Usikatize kikao, mwanangu. La pili. Unapenda kupanga vitu kwa utaratibu?" Akajijibu mwenyewe, "Sana," akaweka alama ya vema.

"La tatu. Unaweza kuongoza watu?"

"Hilo halina mjadala," alisema Baba mdogo. "Ni damu yetu."

Swali la ishirini na tatu liliuliza kama naogopa umeme. Nikainua mkono kusema siogopi. Mama akasema naogopa, maana yeye anaogopa. Wakapiga kura, nikashindwa tatu kwa moja kuhusu hofu yangu mwenyewe.

Saa tisa na robo Baba alibonyeza. Majibu yakaja: kazi inayokufaa zaidi, karani wa masjala, asilimia tisini na nane.

Baba mdogo akapiga makofi. Uso wa Baba uling'aa, akaweka miwani sawa, akashuka hadi kwenye sehemu ya maandalizi. Akasoma kwa sauti, kwa kuwa amezoea kusoma kila kitu kwa sauti:

"Kazi hii haipo tena katika orodha ya ajira. Shughuli zake sasa hufanywa na mfumo. Hakuna maandalizi yanayohitajika."

Akavua miwani. Nilimwonea huruma hadi nikasahau kukasirika. Miaka thelathini na moja ya mtu, na mfumo umeimaliza kwa sentensi tatu.

"Sasa tunafuata?" aliuliza Baba mdogo. "Maana ulisema tutafuata."

"Hebu nyamaza wewe," alisema Mama.

Ndipo friji ikasikika ikinguruma jikoni. Ile friji ilikufa nikiwa na miaka kumi na minne. Fundi alikuja, akaitazama, akashauri tuifanye kabati la viatu. Niliifungua mgongo, nikahangaika nayo wiki nzima mpaka ikawaka, na tangu hapo ikiumwa naitibu mimi.

Baba aliisikiliza kwa muda. Kisha akainuka, akanipa kiti.

"Jibu mwenyewe," alisema.

Nilimaliza maswali sitini kwa dakika kumi na mbili. Baba mdogo alijaribu kuchangia swali la saba, Mama akamrushia soksi. Safari hii yakaja majibu yangu: fundi wa friji. Maandalizi: mafunzo ya chuo. Na ili kupokelewa kwenye mafunzo hayo ya wanaoanza, uzoefu wa miaka mitano na barua ya mwajiri.

"Miaka mitano!" nililia. "Ya kazi ambayo ndiyo kwanza naenda kujifunza?"

Zilibaki dakika ishirini na tano. Nilikuwa natokwa na machozi, sikuyaficha.

Baba akavuta karatasi safi. Nikamsogezea penseli, akaisukuma pembeni, akachukua kalamu ya wino. Aliandika bila kumuuliza mtu, akanipa niipige picha niiambatishe.

"Ninathibitisha kwamba mwombaji amehudumia friji ya nyumba hii kwa miaka mitano. Ni moja tu. Mpaka leo inagandisha."

Chini yake alikuwa ametia sahihi, na chini ya sahihi akaandika cheo chake kwa ukamilifu: Karani wa Masjala.