Dungu Lililonyamaza

Mwaka ule wa 1999 mawele yalikomaa vizuri Siakago, na ndege wakaja kwa wingi. Kila shamba lilikuwa na dungu lake la miti mirefu, na juu yake mtu mwenye kombeo. Mlinzi mmoja akipiga ukelele, wa shamba la pili humjibu, kwa kuwa ndege waliofukuzwa kwa jirani hutua palipo kimya.

Igoki alikuwa akirudi kutoka kisimani alipogundua kwamba hasikii sauti ya ndugu yake, Njagi. Kithaka, jirani yao, aliita mara mbili asijibiwe.

"Igoki, mwamshe huyo msomi wenu," Kithaka alisema kutoka ng'ambo ya ua. "Ama anafukuza ndege kwa Kiingereza?"

Igoki hakucheka. Laiti Njagi angekuwa amelala. Tangu aletwe nyumbani hakuwa akilala.

Alikuwa ameenda Embu kusomea kompyuta, na huko akaijua intaneti. Mwanzoni alisimulia kwa furaha jinsi anavyoandikiana na msichana wa nchi za mbali anayejiita Nyota. Kisha akaacha kusimulia. Akaacha masomo, akaacha kanisa, akawa anashinda kwenye duka la kompyuta za kulipia mpaka mwenye duka akamtoa nje. Mama yao, Ruguru, ndiye aliyemfuata akamrudisha nyumbani. Alisema jua na kazi ya shamba vitamponya.

"Huyo Nyota umewahi kumwona?" Igoki alikuwa amemuuliza asubuhi hiyo.

"Si lazima umwone mtu."

"Na akikuchoka?"

"Mimi ndiye namchosha. Nikiwa hapa, yeye anaandika na mimi sijibu."

Sasa Igoki aliweka mtungi chini, akaingia shambani. Mawele yalikuwa yameinama kwa uzito wa ndege. Juu ya dungu Njagi aliketi wima, macho wazi, kombeo miguuni. Vidole vyake viligonga mapaja upesi upesi, vikatulia kana kwamba vinangoja jibu, kisha vikaanza tena.

"Njagi, teremka."

"Ngoja. Anaandika."

Akatabasamu akitazama mbele yake, mahali pasipo na kitu. Kisha akasimama. "Anasema nisogee," alisema, na mguu mmoja ukafika ukingoni.

Nyuma, Ruguru alikuwa akija mbio. "Igoki, chukua kombeo! Chakula chetu kinaisha!"

Igoki alipanda. Aliliruka kombeo, akamshika ndugu yake kiunoni, akamketisha, akaifumbata mikono yake. Hapo ndipo alipopiga ukelele wa dungu, kwa nguvu zote, na Kithaka akajibu.

"Njoo!" Igoki aliita. "Wacha ndege. Njoo tumpeleke hospitali."

Alisikia ua ukivunjika na miguu ikija. Chini, mama yake alisimama akimtazama Njagi kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kumwona. Ndege waliendelea kula. Ndani ya viganja vya Igoki, vidole vya Njagi viliendelea kuandika.