Shahidi wa Mama Pascaline

Jumanne, saa tatu asubuhi, Mlima Kasolwe ulifika Kalemie ukapanga foleni mbele ya biro moja ya ardhi, nyuma ya Papa Delphin aliyefuata habari za kiwanja chake. Ulikuja na msitu wake wote, na ukungu kidogo kileleni. Papa Delphin aliusalimia, akasogeza baiskeli yake. Foleni ni foleni.

Ni Mama Pascaline aliyeuita. Tajiri mmoja wa mbao alikuwa na karatasi inayosema kwamba shamba la mihogo la mama huyo, kule chini ya mlima, halina mwenyewe. Kijijini kwao Pascaline kesi ya mpaka haiamuliwi kwa karatasi. Shahidi huja mwenyewe, na anayemhitaji humwendea alfajiri na sahani ya unga mweupe. Mpaka wa shamba lile ni mlima. Basi Pascaline akachota unga, akauendea, na mlima ukaja, maana wito haukataliwi.

Akina mama wanaoanika samaki wa ndagala ufukweni mwa ziwa waliuomba usogee, kivuli kilikuwa kinawachelewesha. Ukasogea. Pascaline alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi na hakuficha majivuno. Wengine huleta binamu mlevi kuwa shahidi. Yeye alileta mlima, na alitaka mji mzima uone.

Zamu yao ilipofika, karani Blanchard alichungulia dirishani, akauliza:

"Mama, shahidi yako iko na karte ya kitambulisho?"

"Hapana, Papa. Lakini iko pale, unaiona."

"Ninaiona. Bila karte, haiko."

Alivuta faili. Kivuli cha mlima kilikuwa kimefunika meza yote, ikabidi awashe taa ya simu ndipo aandike kwa mwandiko mzuri: Shahidi hakufika. Akapiga muhuri.

Walirudi kwa miguu, Pascaline mbele, mlima nyuma, na kila kijiji walichopita watu walisimama kuwapisha. Alhamisi misumeno ya mota ya yule tajiri ilianza kunguruma chini ya msitu. Pascaline aling'oa mihogo aliyoweza kuiwahi, akiwa na kitenge kilekile. Jirani yake Rosine alimuuliza kama ni kweli alikwenda biro bila shahidi, jinsi karatasi ya Blanchard inavyosema.

Pascaline alifunga mzigo wake kwanza.

"Ilifika," alisema. "Mimi ndio nilitembea mbele yake."