Mkeka Mbele ya Geti la Wodi

Mkono uliovunjika ulikuwa wa Fuatino. Tuanzie hapo, maana wengi waliosimulia habari hii huku kwetu visiwani, mjini Apia, wameanzia kwa kaka yake, na ndiyo maana wameiharibu.

Fuatino alikuwa msukaji. Mikeka ya fahari, hii tunayoiita ie toga, inayosukwa mwaka mzima kwa ukili wa majani ya mkadi uliochanwa mwembamba kama uzi, ndiyo iliyompa jina na heshima. Halafu usingizi ukamkimbia. Akawa anasuka usiku na mchana, vidole vinatoka damu, huku akizungumza na marehemu mama yake. Ndugu wakaona hapana, wakampeleka wodi ya wagonjwa wa akili.

Wodini hakuna mkadi. Akachana shuka, akaanza kusuka vipande vya shuka. Pelenato, nesi mkuu, mtu mwenye mabega ya mcheza raga, akaja kumnyang'anya. Fuatino akang'ang'ania. Akaburutwa hadi chumba cha peke yake, mlango ukasukumwa kwa nguvu, na mkono wake wa kushoto ukabanwa. Siku tatu alikaa mle ndani kabla daktari hajautazama. Ulipona umepinda, na mpaka leo vidole viwili havikunjiki. Msukaji huyo, nakuambia.

Kwetu mtu akimkosea mwenzake kosa zito, anakwenda alfajiri, anakaa chini mbele ya nyumba ya aliyekosewa, amejifunika mkeka wa fahari gubigubi, kimya, hata kama ni kutwa. Mwenye nyumba akitoka akauinua mkeka, amesamehe. Asipouinua, aibu ile utazikwa nayo.

Pelenato alifanya hivyo, nisimnyime haki yake. Alikwenda na ukoo wake hadi kijijini kwa Sefo, kaka yake Fuatino. Sefo akauinua mkeka, watu wakalia, wakala nguruwe, wakaagana vizuri. Kijiji kizima kikasifu. Fuatino mwenyewe alikuwa wodini, anaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Alizipata habari hizo Jumapili, Sefo alipomletea majimbi na mboga ya tui.

"Yule nesi wenu tumeshamalizana naye," Sefo akasema huku anafungua majani.

"Mmemalizana nini?"

"Alikuja na mkeka. Ungeuona, dada, mzuri ajabu. Nimeuinua."

"Uko wapi?"

"Si uko chini ya godoro? Kwani mikeka huwa inakaa wapi?"

Fuatino akaunyoosha mkono wake uliopinda, akauweka juu ya meza katikati ya chakula. "Na huu je, uko chini ya godoro la nani?"

Sefo akacheka, akidhani ni utani. Alipoona mwenzake hacheki, akashusha sauti. "Usijichoshe na mambo haya, dada. Wewe mgonjwa."

Neno lile lilimchoma kuliko mlango. Hakutaka mtu afukuzwe kazi, wala hakutaka fidia. Alitaka aulizwe yeye. Wiki nzima ile hakuonja chakula zaidi ya chai.

Jumatatu iliyofuata akaja mama mmoja wa wizarani, anaitwa Lupe, na makaratasi ya kukusanya maoni ya wagonjwa. Chakula kikoje? Kizuri. Mnalala vizuri? Vizuri. Manesi je? Wazuri sana. Wagonjwa wanane, jibu moja, maana nyuma ya Lupe alisimama Pelenato na rundo la funguo kiunoni. Nani aseme? Mzee Taulapapa, ambaye huko kwao alikuwa msemaji wa kijiji kabla kichwa hakijamchanganya, alitoa hotuba ya robo saa, na ukiichuja yote unabaki na neno "nzuri".

Zamu ya Fuatino ikafika.

"Andika hivi," akasema. "Mkono ni wangu, mkeka ameuinua mwingine."

Lupe akaigeuza karatasi mbele na nyuma. "Hapa hakuna nafasi ya maneno hayo, mama. Ni ndiyo au hapana."

"Andika pembeni."

Lupe akaandika pembeni, herufi ndogondogo. Pelenato alisikia kila kitu. Funguo alizishika zisilie.

Ijumaa, jua halijatoka, mzee Taulapapa akaja kugonga mlango wa chumba cha wanawake.

"Binti, amka. Kuna kitu nje sikielewi. Au nimeanza kuona mambo tena, niambie wewe."

Fuatino akaenda mpaka kwenye geti la nondo ambalo ndilo mlango wa wodi. Nje, hatua nne hivi kutoka getini, juu ya kokoto, alikaa mtu amekunja miguu, amefunikwa mkeka kuanzia kichwani. Mkeka wa zamani, umelainika, una manyoya mekundu ukingoni. Yale mabega hayakuhitaji kutajwa jina.

Alikuja peke yake. Hakuleta ukoo wala msemaji. Na hakukaa mbele ya nyumba ya mtu yeyote kijijini, amekaa hapa, mbele ya nondo hizi.

Wagonjwa wakatoka mmoja mmoja, wakasimama nyuma ya Fuatino. Tangu wodi ile ijengwe, watu wameletwa pale kwa kamba, kwa sindano, kwa kudanganywa kwamba wanapelekwa sokoni. Hakuna aliyewahi kuja kuwainamia. Mwanamke mmoja alianza kulia taratibu, akasema hata hajui analilia nini.

"Si ndoto?" Taulapapa akauliza.

"Si ndoto, mzee. Naona na mimi."

"Basi nenda ukauinue."

Fuatino akalisukuma geti. Limefungwa. Mnyororo na kufuli, kama kila siku. Pelenato alikuwa zamu ya usiku, yuko peke yake. Alitoka, akafunga nyuma yake kwa mazoea ya miaka kumi na minne, akaenda akakaa. Funguo anazo kiunoni, chini ya mkeka.

Taulapapa akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika. "Haya makubwa. Mtu kaja kuomba msamaha na katufungia ndani."

"Nimwite?"

"Hatajibu. Aliye chini ya mkeka hasemi, akisema ataharibu msamaha. Na wewe usimharakishe. Leo mwenye haraka si wewe."

Kweli. Miezi minne Fuatino amemsubiri Pelenato: amemsubiri kwa dawa, kwa maji, kwa kufunguliwa mlango. Leo anasubiriwa yeye. Akarudi ndani. Akanawa uso, akachana nywele akazifunga juu, akajifunga lavalava, ile shuka ya kiunoni, safi ya Jumapili, akavaa na bangili yake ya mfupa. Jambo kubwa kama hili hulipokei na gauni la wagonjwa. Aliporudi jua lilikuwa limeshapanda, na jasho lilikuwa linatiririka kwenye mikono iliyolala juu ya magoti pale chini. Pelenato hakuwa amesogea.

Fuatino akapitisha mkono wake uliopinda katikati ya nondo, kiganja juu, akauacha hapo. Hakuita. Ila bangili ya mfupa iligonga nondo, na yule mtu akaelewa kuwa yuko nyuma ya geti alilolifunga mwenyewe. Mkono mmoja ukatoka chini ya mkeka na rundo la funguo, ukazisukuma kwenye kokoto bila mwenyewe kuchungulia. Zikasimama katikati ya njia.

Taulapapa akaleta ufagio wa chelewa, akalala kifudifudi, akazivuta funguo kidogokidogo mpaka zikafika. Akazifuta vumbi kwa shati lake, akampa Fuatino kwa mikono miwili.

Zilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Alijaribu tatu, ya nne ikaingia. Mnyororo ukaanguka. Geti likafunguka, na mbele yake ikaonekana barabara inayoteremka mjini, nyeupe, haina mtu. Nyuma yake watu wanane walikuwa wanamtazama. Aliitazama ile barabara, siwezi kusema hakuitazama.

Akapiga hatua nne. Akainama, akaushika mkeka kwa mikono yote miwili, mzima na ule mbovu, akausikia ulaini wake, ukili mwembamba wa mtu aliyeijua kazi. Akauinua.

Pelenato alikuwa analia, uso umelowa wote. "Ni wa mama," akasema. "Amejiwekea kwa maziko yake. Kanipa mwenyewe."

"Mrudishie mama yako. Nimeshauinua mimi, inatosha." Akamshika mkono. "Inuka. Karibu ndani."

Wakakaa chini ukumbini, kwa duara, wamekunja miguu. Taulapapa akazungumza kwa niaba ya nyumba, na safari hii kila neno lilikuwa mahali pake. Fuatino alikaa mahali pa mwenyeji, funguo mapajani, anawatazama wenzake mmoja mmoja kama watu aliowaona kwa mara ya mwisho miaka mingi iliyopita. Hakuna aliyekumbuka kunywa dawa.

Saa mbili akafika nesi wa zamu ya mchana. Akalikuta geti wazi kabisa, mnyororo chini. Akaingia mbio, viatu vinalia kwenye sakafu, anahesabu kwa kidole: saba, wanane, tisa. Wote wapo. Na nesi mkuu yuko chini kati yao.

"Nani amefungua geti?" akauliza.

"Mimi," Fuatino akasema. "Vua viatu, mwanangu. Hii ni nyumba ya watu."

Yule nesi akamtazama Pelenato. Pelenato akatazama chini. Nesi wa mchana akavua.