Udhuru wa Nyuzi Arobaini

Huku kwetu mashariki mwa Saskatchewan, nchini Kanada, baridi ikifika nyuzi arobaini chini ya sifuri, gari kutowaka ni udhuru usiohojiwa. Umekosa kanisani, umekosa kazini, hukufika kwenye mazishi ya shemeji yako: unasema gari halikuwaka, na mazungumzo yanahamia kwenye betri.

Ndiyo maana Lesia Hnatiuk alikuwa amelala chini ya pikapu ya baba yake Jumapili ile mchana. Hita ya injini, kifaa cha umeme kinachopasha maji ya injini usiku ili gari liwake asubuhi, ilikuwa imekufa. Redio ilitangaza nyuzi arobaini na moja kwa asubuhi ya Jumatatu, na Jumatatu ilikuwa zamu ya baba huyo, mzee Nestor, kupelekwa mjini kwenye mashine ya kusafisha damu. Ijumaa alikuwa amekosa kwa sababu ya dhoruba ya theluji. Mtu ambaye figo zake zimekufa aweza kukosa zamu moja. Kukosa ya pili ni jambo jingine, na Lesia, aliyekuwa akifundisha kemia, hakuhitaji daktari amweleze.

Nestor aliketi bandani kwenye kiti cha jikoni, karibu na jiko dogo la kuni, blanketi magotini, miguu imevimba ndani ya buti zisizofungwa.

"Gonga ukingoni," alisema, akimwelekeza kung'oa kizibo cha chuma kilichoziba tundu jingine ambamo hita mpya ingeingia. "Ukikigonga katikati, kizibo kitatumbukia ndani ya injini."

"Nagonga, baba."

"Unabembeleza. Hicho ni chuma, si mwanafunzi wako."

"Wanafunzi siku hizi ukiwagusa unafungwa."

"Basi furahia chuma."

Kizibo kiligeuka ubavu. Lesia akakivuta kwa koleo, na maji ya kijani yaliyosalia yakamwingia kwenye mkono wa koti. Alisugua tundu kwa msasa, akapaka grisi kwenye mpira wa hita mpya, akaisukuma ndani na kukaza skrubu. Waya aliupitisha hadi mbele, plagi ikaning'inia nje kama ilivyo kwenye kila gari la huku. Kisha akaenda nyumbani kuchukua dumu la maji ya rejeta.

Jikoni mama yake, Stefania, alikuwa akikunja vipande vya unga vilivyojazwa viazi na jibini.

"Itawaka kesho?"

"Itawaka, mama."

Aliporudi, harufu ilimpokea kabla hajafungua mlango wa banda: kitu kilichoungua. Plagi ilikuwa kwenye soketi ya ukutani. Baba yake alikuwa kwenye kiti chake. Lesia aliing'oa plagi, kisha akaliweka dumu chini.

"Umeiwasha."

"Nilitaka kusikia kama inaimba."

"Injini haina maji, baba."

"Ah. Nimesahau."

Hita haiwashwi kabla injini haijajazwa. Ndani ya maji huimba kama birika. Kavu huungua papo hapo. Jirani yao Wasyl Prystai aliunguza yake hivyo mwaka uliotangulia, na majira yote ya baridi Nestor alimuuliza mbele za watu kama chai nayo huichemsha kabla ya kutia maji. Lesia alichukua mita akaipima hita. Mshale haukusogea; hita ilikuwa imekufa. Duka la vipuri lingefunguliwa kesho, wakati wao wangekuwa wanatakiwa wawe mjini tayari.

Kulikuwa na maelezo mawili. Ya kwanza: sumu ya damu ilikuwa imeanza kupanda kichwani, na mzee alihitaji hospitali sasa hivi. Hilo liliweza kupimwa.

"Baba, leo tarehe ngapi?"

"Kumi na tisa. Unanitahini?"

"Kizibo tulichotoa kina upana gani?"

"Inchi moja na robo tatu. Na binamu yako Orysia ana waume wawili, mmoja wa kanisani na mmoja wa mji wa Regina. Kuna swali jingine, mwalimu?"

Akili ilikuwa nzima. Yakabaki maelezo ya pili.

"Ulijua," Lesia alisema.

Nestor alitazama jiko.

"Nilijua."

Alikunja blanketi, akalikunjua tena. "Miaka minne, Lesia. Nikirudi nalala, nikiamka ni zamu tena. Sitaki. Lakini nikisema sitaki, mama yako atasema nimemwacha, padri atakuja kunisomea, na wewe utanionyesha vipimo. Gari lisipowaka hakuna atakayeuliza."

"Mimi ningeuliza. Hita niliifunga mimi. Ningejiuliza mpaka naingia kaburini nilikosea wapi."

Hilo Nestor hakuwa amelifikiria.

Lesia alitoa simu akampigia Wasyl. Alimweleza kwamba hita mpya imeungua na wanahitaji gari.

"Imeungua kavu?" Sauti ya Wasyl ilijaa banda. "Ngoja nikae vizuri. Nani kaiunguza?"

Lesia alifungua kinywa, lakini Nestor alinyoosha mkono akachukua simu.

"Mimi, Wasyl. Cheka basi."

Wasyl alicheka hadi akakohoa. Akasema atakuja kabla ya mapambazuko, na gari lenye joto.

"Umemwita wa nini, na nimeshakwambia sitaki?" Nestor aliuliza.

"Ili gari liwepo. Likisimama mlangoni linanguruma, nawe ukasema huendi, nitakusikia na sitabishana. Lakini mama utamwambia wewe, leo, kwa mdomo wako."

Lesia alimshika baba yake mkono mpaka mlango wa nyuma wa nyumba, akarudi bandani. Aliijaza injini maji polepole, akafuta vifaa ambavyo havikuwa vichafu. Alipoingia jikoni unga ulikuwa bado mezani. Stefania alikuwa ameketi, mikono myeupe hadi vifundoni, na mmoja ulikuwa ndani ya mkono wa mumewe. Hakuna aliyemwambia Lesia kilichosemwa.

Asubuhi gari la Wasyl lilisimama uani likitoa moshi mzito. Nestor alitoka amevaa koti.

"Leo nakaa kwenye mashine," alimwambia binti yake. "Na namwambia daktari mwisho wa mashine ni lini. Mama yako ameomba niendelee hadi Pasaka."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema hadi Pasaka."

"Panda, mzee," Wasyl aliita. "Hapa nachoma mafuta."

Lesia alimsaidia kupanda, akakaa nyuma yake. Stefania alibaki amesimama mlangoni, mlango wazi, joto la nyumba likimpita na kutoka nje, na hakuna aliyemwambia aufunge.