Mguu Safi wa Mama Léoncie

Mama Léoncie alikuwa mtu wa usafi, na usafi huo nusura umpotezee mguu.

Kila Jumatatu, kabla ya kwenda kwenye kituo cha afya cha Lac Vert, kambi ya waliokimbia vita kando ya mji wa Goma, aliketi mbele ya hema lake na bidoni ya maji, akausugua uvimbe wa mguu wa kulia mpaka ukang'aa. Uvimbe wenyewe ulikuwa mgumu, hauumi sana, una vitundu vya kutoa majimaji yenye chembe ndogo nyeusi. Chembe hizo alizichokoa kwa sindano, akazimwaga mtaroni. Goma yote ni mawe ya volkano. Unayalalia, unayatafuna kwenye maharage, kwa nini yasiingie mguuni? Tena mama yake, huko kwao Kibirizi, alimfunza kwamba mtu mwenye adabu hampelekei mganga uchafu.

Basi Namegabe, muuguzi kutoka upande wa Bukavu, aliona kidonda kisafi kila wiki. Alifunga bendeji, akatoa vidonge vilevile, akaita mgonjwa mwingine, maana vita vilileta watu wapya kila kukicha. Mwaka ukapita, uvimbe ukafika vidoleni. Bibiche, jirani wa hema la pili, alimwambia waziwazi kwamba mguu wa namna hiyo mwisho wake ni msumeno. Léoncie akaogopa kwelikweli. Alikuwa mjane asiye na mtoto. Siku vita vikiisha, nani angemlimia shamba?

Jumatatu moja lori la maji halikuja. Akaenda hivyo hivyo, mguu ameufunika kwa kitenge, aibu imemjaa.

“Unisamehe, docta. Leo niko na buchafu. Maji ilikosa.”

Namegabe akafunua, akainama, akaziona chembe.

“Mama, hizi nyeusi zinatokaka tangu lini?”

“Hizo? Mawe ya volcano tu. Nazitoshaka na sindano mbele ya kuja hapa.”

Muuguzi akajishika kichwa. Angemkaripia, lakini naye kwa mwaka mzima hakuwahi kuuliza.

“Haiko mawe, mama. Iko champignon.”

“Champignon?” Léoncie akacheka, akashangaa kujisikia anacheka. “Buyoga ya kula na bugali?”

“Hapana, ingine. Inaishi mu udongo. Mwiba ikikuchoma, inaingia nayo, inajificha miaka. Utakunywa dawa mwaka muzima, na batakupasua. Muguu tutajaribu kuiokoa. Mwiba ilikuchomea wapi?”

Hakuhitaji kufikiri. Alikuwa akipalilia maharage, peku, misimu miwili kabla ya kukimbia.

“Kwetu,” alisema. “Mu shamba yangu.”

Namegabe alitia chembe tatu kwenye kichupa ili zipelekwe maabara. Léoncie alikitazama kichupa kile. Jembe aliliacha, mbegu aliziacha, hata kaburi la mumewe aliliacha. Kumbe kitu kimoja cha shambani kilikuwa kimemfuata, na mwaka mzima alikuwa akikimwaga mtaroni huku akiitukana Goma.

“Nikipona, nitarudilia kulima?”

“Utalima, mama. Lakini si peku tena. Ni lazima uvae boti.”

Léoncie akazitazama kandambili zake, moja baada ya nyingine.

“Boti,” alisema. “Bale balitufukuza mu shamba na bunduki, njo balikuwa nazo.”

 Namegabe akamfungia mguu bila kuuosha, chembe zilizobaki za shamba lake akaziacha humo.