Yes ya Kerosi

Siku hiyo mjinga alikuwa Kerosi, na ukimuuliza leo atakwambia mwenyewe kabla hujavuta kiti. Atakachobishana nawe ni ukubwa wa ujinga tu.

Ilikuwa mwaka wa sitini na mbili. Mzee Otieno, mkalimani wa korti ya Homa Bay, alikuwa anastaafu, na kwa nafasi yake akatafutwa mtu wa kufasiri Kikuria na Kigusii kwa Kiingereza. Kerosi aliitaka kazi hiyo kama mtu anavyotaka maji. Miaka kumi alikuwa amebeba chumvi na blanketi kutoka Migori hadi Ntimaru, mvua yake, jua lake, na mgongo ulikuwa umeshaanza kumnung'unikia. Kigusii alikinyonya kwa mama. Kikuria alikijua mpaka matusi yake. Kiingereza ndicho alichokitolea jasho, kila Jumapili alasiri katika darasa la watu wazima la mwalimu Wangwe, yeye na mkewe Nyamoita wamebanana kwenye dawati la mtoto.

Kerosi alitafuna maneno mapya kama njugu. Nyamoita alikwenda polepole, akirudia, akiuliza.

"Mama Rispa," mumewe alikuwa akimtania, "Kiingereza chako kinatembea kwa mkongojo."

"Kitafika," husema Nyamoita.

Siku ya usaili walipanda basi la asubuhi pamoja. Nyamoita akabaki kwenye benchi nje ya korti, Kerosi akaingia na koti la kuazima. Hakimu alikuwa Mzungu mpole mwenye sauti ya chini. Pembeni alikaa mzee Otieno, mikono juu ya tumbo.

"You don't drink, do you?" akauliza hakimu.

Kerosi, Msabato wa kuzaliwa, ambaye hata chai ya rangi huionea shaka, akanyoosha shingo. "Yes, sir!"

Kalamu ikasimama kidogo, kisha ikaandika.

"And you have never been to prison?"

"Yes, sir! Yes!"

Hakimu akamtazama Otieno. Otieno akatazama dari.

"And you will never accept a bribe?"

"Yes, sir," akasema Kerosi, na kwa kuwa mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, akaongeza ya kupamba: "Every day."

Akaambiwa asubiri nje. Akatoka anatabasamu hadi masikioni, akamsimulia mkewe swali kwa swali, jibu kwa jibu. Nyamoita hakucheka. Alishika kichwa.

"Baba Rispa. Umewaambia wewe ni mlevi."

"Nani? Ameniuliza, hunywi? Nami nikasema ndiyo, sinywi!"

"Hukusema ndiyo. Umesema yes." Nyamoita akashusha sauti, maana askari alikuwa karibu. "Ile Jumapili ulipokwenda kuuza blanketi sokoni Osiri, Wangwe aliniuliza kama sina penseli. Nikasema yes. Akasimama mbele yangu, mkono ameunyoosha, anangoja penseli. Darasa zima likacheka. Kwa Kiingereza, kama hunywi, ni no. Hata akuulizeje, ni no."

"Nimwambie no mtu aliyesema kweli? Nimbishie hakimu?"

"Humbishii yeye."

Kerosi akaketi benchini. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kusoma aliliona neno hilo upande wake wa nyuma. Kwa watu wake ndiyo ni ya mtu: umenena sawa, bwana, niko pamoja nawe. Kumbe yes haimjui mtu. Inalitazama jambo lenyewe, lipo au halipo, na aliyeuliza akae kando na heshima yake. Akahesabu kwa vidole. Mlevi, mfungwa, mla rushwa wa kila siku, na vyote kavikiri kwa furaha.

"Nenda ukaseme," akasema Nyamoita.

"Watanicheka."

"Si wameshacheka?"

Akabisha hodi. Akaeleza kwa Kiingereza kilichochechemea, na kilipolala chini akamalizia kwa Kiswahili, Otieno akifasiri. Hakimu alicheka kweli, cheko la mtu mwema, akachukua kalamu akafuta majibu yote matatu, akampa mkono. Kisha akasema kwa upole kwamba anamwona kuwa mtu mwaminifu, lakini kazi hiyo kwa sasa hawezi kumpa.

Otieno akamsindikiza hadi mlangoni. Hapo Kerosi akashindwa kujizuia.

"Mzee, hii si haki. Mimi sikudanganya hata mara moja! Kwa lugha ya kwetu nilisema kweli, na kwa Kiingereza nimerudi nikasema kweli. Wewe mwenyewe ulijua nilichomaanisha, nilikuona ukitazama dari."

"Nilijua."

"Basi! Kosa ni la lugha, si langu."

"Nakuamini, omera, ndugu yangu," akasema Otieno. "Sasa tumlete mtu wa Ntimaru kizimbani. Aulizwe, wewe hukuiba ng'ombe hawa? Ajibu ndiyo, bwana, nawe umpe hakimu yes yako. Akiwa mwaka wa saba anavunja mawe jela, niambie, tutaishtaki lugha gani?"