Sehemu Tatu Katika Milioni

Devotha alichomoa mpira wa gesi, akakiacha kipimo kivute hewa ya kawaida. Namba kwenye kioo ilitakiwa iruke mpaka maelfu. Ilibaki pale pale, tatu. Sehemu tatu za oksijeni katika milioni, namba safi iliyofurahiwa na kiwanda kizima cha mafuta ya alizeti tangu mwezi uliopita.

Kihisi cha oksijeni ndani ya kipimo kilikuwa kimekufa. Na kihisi kikifa hakipigi kelele, kinaonyesha namba ndogo kana kwamba mambo ni shwari. Kazi yake ni kuilinda nitrojeni inayofunika matangi ya heksani, kimiminika ndugu wa petroli kinachotoa mafuta ya mwisho kwenye mashudu ya alizeti. Oksijeni ikijipenyeza humo, cheche moja inatosha. Mtungi wa gesi ya kusahihishia kipimo ulikuwa mtupu tangu Pasaka. Ombi la kihisi kipya lilikuwa limekaliwa ofisini Dar es Salaam, na waliolikalia hawafanyi kazi karibu na matangi.

"Devo, bado tu?" Raphael, msimamizi wa zamu, alikuja na kibandiko cha njano mkononi. "Mkaguzi anaingia saa nne. Saini hapa kwamba umesahihisha."

"Bosi, kimekufa hiki. Nimekipa hewa, hakijashtuka."

"Kinasoma ngapi?"

"Tatu, lakini..."

"Tatu si safi? Mkataba wako unaisha Ijumaa, na atakayeulizwa kama uongezwe ni mimi. Usinipe presha."

Alisaini. Mkaguzi alifika, akapiga picha kibandiko, akanywa soda, akaondoka. Mashine hakuigusa.

Saa tano zamu ya matangi ilijipanga mlangoni pa chumba cha matangi. Mbele alikuwa mzee Kasiani, Mluguru wa Matombo, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kuingia bila kumuuliza Devotha kwanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo inasemaje?"

Siku zote alimtajia namba. Leo alimsogelea. "Usiingie, baba," alinong'ona. "Kipimo kimekufa."

Kasiani alivua kofia ngumu, akaketi kwenye ngazi. Wenzake wanne wakaketi naye.

Raphael alifika mbio. "Nani kasema kipimo kibovu?"

"Mimi," alisema Devotha, safari hii kwa sauti.

Raphael hakubishana. Alinyoosha kidole kwenye kibandiko. "Saini hii ya nani?"

Wanaume watano walikitazama kibandiko, kisha wakamtazama yeye.

"Yangu."

"Ya lini?"

"Ya leo."

"Basi. Anayetaka kurudi nyumbani moja kwa moja aseme."

Wale wanne waliinuka, wakaingia mmoja mmoja bila kumwangalia. Kasiani alikawia kufunga mkanda wa kofia. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Devotha kuliko matusi.

"Ungeniambia kabla hujashika kalamu, mwanangu," alisema. Akafanya ishara ya msalaba, akaingia.

Pampu zilianza kunguruma. Devotha alirudi mbio kwenye kipimo, akauchomoa mpira tena, akaomba namba ipande, ipande hata kidogo, ili awe na kitu cha kumwonyesha mtu.

Tatu.